Mama alikuwa wa watu wote, nami nashindwa kuandika wasifu wake

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 47, mzaliwa wa Machame mkoani Kilimanjaro, ila kwa zaidi ya miaka 20 naishi Mwanza na familia yangu. Mama yetu alifariki Novemba mwaka jana. Tulimzika kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, pembeni ya baba, na sasa ukoo umepanga ibada ya shukrani tarehe 28 Desemba, wakati kila mtu amepanda nyumbani kwa Krismasi. Siku hiyo kaburi litawekwa msalaba, wasifu wake utasomwa upya, na baadaye utachapwa kijitabu cha kugawia watu. Kazi ya kuandika nimepewa mimi kwa sababu ni mwalimu wa shule ya msingi, wanaona kuandika kwangu si tabu. Nimeanza mara nne. Zote nne nimechana karatasi.

Siku ya mazishi wasifu ulisomwa kwa dakika tatu. Marehemu alizaliwa mwaka 1950, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma hadi darasa la nne, akafunga ndoa. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Ameacha watoto 5 na wajukuu 17. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, nikawa najiuliza huyu anayesomwa ni nani.

Mama alikuwa mtu wa watu. Mwanamke yeyote wa mtaa wetu akijifungua, kabla jua halijazama mama ameshamenya ndizi mshare, amepika mtori, ameutia kwenye hotpoti ya bluu ambayo kifuniko chake kilikatika kishikio, naye akakifunga kwa kipande cha kanga. Mimi nilibebeshwa hiyo hotpoti tangu nikiwa na miaka 9. Njia zetu kama umefika unazijua: mteremko, mfereji, halafu kilima kingine, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Nikifika napiga hodi, namkabidhi mzazi, nasubiri hotpoti ioshwe, narudi nayo. Muda huo mama yuko kwenye mazoezi ya kwaya, au yuko kwa mgonjwa, au ameteremka soko la Kwa Sadala kuuza ndizi. Baba alikuwa akifanya kazi TPC, kiwanda cha sukari, nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nikirudi nawasha moto, nawapikia wadogo zangu, nawaosha miguu. Hata kuwalea wadogo zangu nilibebeshwa mimi.

Sisemi kwamba alitutelekeza. Bei ya kahawa ilipoanguka ni ng'ombe wake wawili na ndizi zake zilizotulipia ada. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe saa kumi na moja alfajiri huku anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Watu wazima wa kule kwetu wanasema alipokuwa msichana aliwafundisha kusoma, na mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya aliwakusanya chini ya mparachichi wasikilize redio, kisha akawafuata nyumba kwa nyumba hadi kila mtu achimbe choo. Jumapili baada ya ibada alinunua mayai mnadani, halafu hayafiki nyumbani. Yanaishia kwa mjane fulani. Sisi tulikula ugali na mboga tukijua mayai yalikuwepo.

Mwaka 2004 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza kwa upasuaji, hapa Mwanza. Mama aliahidi kuja, na nauli nilikuwa nimeshatuma. Siku ya safari jirani yetu akazidiwa, mama akapanda naye gari hadi hospitali Moshi, akabaki naye huko. Mtori wangu wa uzazi nilipikiwa na mama mwenye nyumba, mama wa Kisukuma, ambaye nilimwelekeza kwa mdomo nikiwa kitandani. Mama alikuja baada ya wiki 6 akiwa na mkungu wa mshare, mtoto ameshaanza kucheka. Akakaa miezi 3. Sikumwambia ilivyoniuma, naye hakulitaja hadi anaingia kaburini. Huo uchungu pia nimebebeshwa, na sijui niutue wapi.

Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye anayetoa sehemu kubwa ya gharama, anataka wasifu wa heshima. Amenitumia orodha ya vyeo vyote na majina ya viongozi watakaokuja. Anataka pia kaburi lipigwe marumaru nyeusi, na yale masale, mimea yetu ya kijadi, ambayo mama aliyapanda kwa mkono wake kuzunguka kaburi la baba yang'olewe ili mafundi wapate nafasi. Nilipoandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba mama huyo wa vyeo mimi simjui, alinijibu mbele ya wote: "Wewe una wivu na marehemu." Hii ni wiki ya tatu hatuongei.

Kuna na jambo la daftari. Tulipokuwa tunagawa nguo zake tulikuta, chini ya kitenge cha kikundi, daftari la zamani alilolishona upya kwa uzi. Ndani kuna majina 61. "Debe 1 mahindi." "Nauli KCMC 3,000", yaani ya hospitali kule Moshi. "Sare ya shule, mtoto wa pili." "Maziwa lita 2, kichanga." Mengine yamekatwa kwa kalamu nyekundu, mengine hayajakatwa. Mdogo wetu wa mwisho anasema waliobaki wadaiwe, fedha isaidie kaburi. Dada anasema tulichome. Mimi nimelificha kwenye sanduku langu.

Niandike nini, Shangazi? Nikifuata orodha ya kaka nitasimama pale nisome habari za mtu mwingine. Nikiandika ninayoyajua, nitamwaibisha mbele ya watu aliowatumikia. Wa rika lake aliyebaki ni mama mkubwa tu, dada yake, ana miaka 80 na ushee na masikio yanaanza kuchoka.

Mtoto wa tatu, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mwaka mmoja ni mfupi. Kuna watu hadi mwezi wa kumi na mbili bado wanachukua simu wampigie mama, ndipo wanakumbuka.

Nianze na lile uliloliandika kwa mistari michache ukalipita haraka. Mwaka 2004 mama yako alikukosea. Ulikuwa umepasuliwa, uko mbali na kwenu, nauli umetuma, naye hakuja. Kwamba alikuwa anauguza jirani ni kweli, na kwamba wewe uliachwa ni kweli pia, na hakuna kati ya hayo mawili linalolifuta jingine. Kaka yako anaposema una wivu na marehemu, anasema kama mtu ambaye hakuwahi kubeba ile hotpoti kwenye utelezi. Usikubali neno hilo likukae kichwani. Mtoto aliyemkosa mama yake ana haki ya kusema alimkosa.

Sasa tazama barua yako mwenyewe. Neno "kubebeshwa" umelitumia mara tatu: hotpoti, wadogo zako, na huo uchungu. Nakuamini. Lakini ile huduma ambayo mtaa mzima unaisifu leo ilitembea kwa miguu ya mtoto wa miaka 9. Mama yako alipika, wewe ukafikisha. Mwanamke aliyekuwa amelala na kichanga chake akisikia hodi, aliyekuwa mlangoni ni wewe. Sisemi hivi kukufuta machozi, maana kazi ile ilikuwa kubwa kuliko umri wako na ulipaswa kuwa unacheza. Nasema kwa sababu umekuwa ukijaribu kuandika ukiwa umesimama nje ya maisha ya mama yako, unayahesabu kama mgeni aliyepewa orodha. Ulikuwa ndani yake. Andika ukiwa humo humo ndani.

Umekulia kanisani, kwa hiyo Dorkasi wa Yafa unamjua, yule wa Matendo ya Mitume sura ya 9. Alipokufa wakamwita Petro. Petro alipopanda chumba cha juu, wajane hawakumsomea cheo hata kimoja. Walisimama wanalia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea. Kila mmoja alikuwa na nguo yake ya kuonyesha. Nimekaa kwenye misiba mingi ya akina mama, na kila mara nikisikia "alikuwa mwenyekiti, alikuwa mweka hazina, alikuwa mjumbe", nawafikiria wajane wale. Vyeo havina ubaya, mama yako alivitumikia kwa haki na vitajwe. Viweke mwisho, kwa sentensi mbili au tatu, kaka yako aridhike na wageni wake wapate cha kuitikia. Mwanzo uwe nguo.

Nguo yako ni hotpoti. Kama ningekuwa mimi ningeanza hivi, wewe urekebishe:

"Mama yangu alikuwa na hotpoti ya bluu. Kishikio cha kifuniko kilikatika, akakifunga kwa kipande cha kanga. Nilianza kuibeba nikiwa na miaka 9, na nilipomaliza darasa la saba nilikuwa nimeshaingia karibu kila nyumba ya mtaa huu iliyopata mtoto. Kuna siku niliiona nzito."

Sentensi hiyo ya mwisho inatosha kwa madhabahuni. Waliowahi kuwa watoto wa mama wa namna hiyo wataisikia, na humo kanisani watakuwa wengi kuliko unavyodhani: watoto wa wachungaji, wa wainjilisti, wa manesi, wa walimu. Haimwaibishi mama yako hata kidogo. Wote pale wanajua kwamba mwanamke mmoja hawezi kuwa Kwa Sadala, kwenye kwaya, kwa mgonjwa na jikoni kwake kwa saa ile ile. Habari ya 2004 usiisome pale. Hiyo iandike kwenye karatasi nyingine, kama barua kwa mama, ndefu upendavyo, ya hasira upendavyo. Itunze. Huyo mwanao aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima. Siku moja mpe aisome, ni habari zake pia.

Halafu kuna kazi zake, ambazo wewe umezitupia mistari mitano na mimi ningezipa ukurasa mzima, kwa kuwa wajukuu 17 hawatajua uzito wake wasipoelezwa. Unasema aliwafundisha watu kusoma alipokuwa msichana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na walimu wa kusomea hawakuwepo wa kutosha, kwa hiyo waliojua kusoma walisimama kuwafundisha wasiojua. Msichana wa darasa la nne alisimama mbele ya wanaume wenye umri wa baba yake, akawashikisha chaki. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Mimi nilikuwa mtoto wa shule na nakumbuka watu wazima wakikaa kimya kuizunguka redio moja, mtoto ukikohoa unatolewa. Kipindi kikiisha kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, watu wanajadiliana, kisha wanakubaliana watafanya nini: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba vyoo. Walioshiriki nchi nzima walikaribia milioni 2. Vikundi vile viliendeshwa na watu kama mama yako, bila mshahara. Ukienda Desemba waulize wazee ni vyoo vya nyumba gani vilichimbwa kwa kusumbuliwa naye. Watacheka, na watakuonyesha mahali.

Na kahawa. Wewe umesema tu kwamba bei ilianguka. Waeleze watoto kwamba kahawa ilikuwa ya baba, na kadi ya chama cha ushirika iliandikwa jina la mwanamume. Ndizi na maziwa ndivyo vilivyoachwa kwa wanawake, vikaonekana fedha ndogo ya chumvi na mafuta ya taa. Mwaka 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawana viwango vya kuuza kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka, na ghafla ile fedha ndogo ndiyo iliyobaki. Huko kwenu Machame, wanawake wa Nronga walikuwa wameanzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Mama yako hakuwa peke yake, basi. Alikuwa mmoja wa kizazi kizima cha wanawake wa mlimani waliosomesha watoto kwa lita na mikungu. Saa kumi na moja alfajiri, mundu mkononi, anaimba. Weka na wimbo aliokuwa akiuimba, utaje namba yake katika kitabu cha nyimbo, uimbwe siku hiyo kabla hujasoma.

Imani yake usiiandike kwa kusema "alikuwa mcha Mungu". Hilo husemwa kwa kila marehemu. Umeshaniandikia imani yake bila kujua: mayai ya mnadani. Mtu analeta sadaka ya mayai kwa sababu hana fedha, mama yako ananunua ili sadaka iingie, kisha mayai yanakwenda kwa mjane. Mfuko wa kanisa umepata, mjane amepata, na watoto wake wamekula mboga. Yote matatu yaandike, hata la tatu.

Ili upate mengine, usiwaulize watu "mama alikuwa mtu wa namna gani". Watakujibu kwa maneno ya msibani: mpole, mkarimu, mpenda watu. Uliza vitu vya kuonekana. Mara ya mwisho alipokuja kwako alibeba nini? Alikaa kiti gani? Aliwahi kukukemea, na alikukemea kwa maneno gani? Aliwahi kukuomba msaada? Swali hilo la mwisho usiliache, kwa sababu wanawake waliozoea kutoa huwa wagumu kuomba, na aliyewahi kumsaidia atakuwa na habari ambayo ninyi watoto hamna. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yao. Mtu akiingiza maneno ya Kimachame usimkatishe; acha aseme lugha iliyomjia, tafsiri utafanya baadaye.

Hakiki na tarehe. Mwaka wa kuzaliwa wa watu wa umri ule mara nyingi ni wa kukadiriwa, ulioandikwa na karani aliyekuwa na haraka. Nenda ofisi ya usharika, omba kuangalia daftari la ubatizo na la kipaimara. Ukikuta si 1950, andika ulichokikuta, na msalaba usichongwe kabla ya hapo. Nimeona msalaba ukivunjwa na kuchongwa upya kwa ajili ya tarakimu moja, na ni fedha nyingi.

Kuhusu daftari, umefanya vyema kulificha, ila lisikae sanduku lako muda mrefu, lisije likaonekana umelificha kwa hila. Kwa sheria za mirathi, anachodai marehemu ni sehemu ya mali aliyoiacha, na mwenye mamlaka ya kukikusanya ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mdogo wako hawezi kuamka tu akaanza kudai watu, na dada yako naye hawezi kulitia moto peke yake. Lipelekeni kwenye kikao cha ukoo, mlisome ninyi wenyewe, mlango umefungwa. Maoni yangu unayataka, nakupa: msidai. Lita 2 za maziwa ya kichanga hazikuwa mkopo hata kama ziliandikwa. Mama yako alikuwa mweka hazina, na mweka hazina huandika kila kinachotoka, ndiyo tabia yake. Waliokatwa kwa wino mwekundu huenda walilipa, huenda alifika mahali akawasamehe. Katika kijitabu yataje yaliyotolewa, majina hata moja lisionekane. "Debe 1 mahindi. Nauli KCMC 3,000. Sare ya shule, mtoto wa pili." Yapange hivyo hivyo alivyoyaandika yeye, bila kuongeza neno. Huyo mtoto wa pili aliyevaa sare atakuwa amekaa humo kanisani na atajijua. Hakuna haja ya mwingine kumjua.

Nikuambie na la kaka yako. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, na watoto wa kwanza wa kiume wa kule kwenu hubeba mzigo mwingine: akizika mama vibaya, ukoo unamtazama yeye. Marumaru na orodha ya viongozi ndiyo hotpoti yake. Alikuumiza, na alikuumiza hadharani, hilo simtetei. Lakini Desemba ni karibu na mmoja wenu lazima aanze. Wewe ni Mmachame, sina la kukufundisha kuhusu isale, jani la masale linaloshikwa kuombea msamaha. Unajua mtu akija kwako ameshika isale, kukataa kusema naye ni jambo zito. Nimesikia watu siku hizi wanasema hayo ni ya kizamani, hayaendani na kanisa; wazee wa kanisa niliowafahamu mimi, wa mlimani, waliyatumia bila wasiwasi na Jumapili walikuwa mezani pa Bwana. Ukifika nyumbani usianzie kwenye kundi la WhatsApp. Chuma jani moja kwenye yale masale ya kaburini, umwendee asubuhi kabla wageni hawajaamka. Mwambie unaandika, na vyeo vyote vitakuwemo, na unamwomba jambo moja: masale yabaki. Marumaru iwekwe juu ya kaburi, mafundi wapite upande mmoja, mmea alioupanda mama mwenyewe usiguswe. Akiwa na jani lake mkononi nadhani atakusikia.

Sasa rudi kwenye yale maneno uliyoyaandika karibu na mwisho wa habari ya Mwanza: "Akakaa miezi 3." Umeyaandika kama kitu kidogo. Mwanamke huyu alikuwa na ng'ombe wa kukatiwa majani, kwaya, kikundi na wagonjwa wake. Miezi 3 ndiyo muda ambao kwa desturi ya kwenu mzazi hutunzwa ndani. Alifika amechelewa, mtoto anacheka, bado akaukamilisha wote tangu mwanzo kana kwamba ulijifungua jana yake. Huenda hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Huenda pia hakuona kosa, akakaa kwa furaha ya mjukuu tu. Mimi na wewe tutabaki kukisia. Lakini mtu akirudi safari ndefu hivyo kuna anayemsimulia, na kwa mama yako huyo alikuwa dada yake.

Basi usisubiri Desemba. Mpigie mama mkubwa leo jioni, mtu wa nyumbani amshikie simu karibu na sikio zuri, na umuulize polepole: mama aliporudi kutoka Mwanza mwaka ule, alikuambia nini kuhusu mimi?

Shangazi